Nimepaka chokaa bati la banda la kuku, joto limeshuka nyuzi 6. Nipake na la nyumba? Na mbu je?

Mama_Vifaranga

Wakuu habari za leo. Wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni mfugaji wa kuku wa nyama huku Kivule, pembeni mwa Dar, ndani ndani kabisa, ukishashuka bodaboda bado unatembea. Shule niliishia kidato cha nne na fizikia nilipata F, kwa hiyo mtakaojibu msinimwagie hesabu. Ila kipimajoto ninacho, kile cha bruda ya vifaranga, na nakiamini kuliko ninavyomwamini mume wangu.

Mwezi wa pili nilipoteza kuku 23 kwa mchana mmoja. Wiki ya tano, wamebakiza siku chache waende sokoni. Saa nane naingia bandani nawakuta wametandaza mbawa, midomo wazi, wanahema kama mtu aliyekimbizwa. Nikamwaga maji chini, nikapepea kwa gunia, wapi. Waliokufa niliwachimbia shimo mwenyewe, sikutaka mtu anipe pole.

Kijana wangu aliyeko chuo akanionyesha kwenye simu habari ya rangi nyeupe iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Eti ukiipaka juani inarudisha asilimia 98.1 ya mwanga, na kitu kilichopakwa kinakuwa cha baridi kuliko hata hewa inayokizunguka. Mchana! Nikamwambia hao wazungu wana kuku wa kuchezea. Lakini usiku sikulala, nikawa nawaza: nyeupe si nyeupe tu? Bibi yangu Rufiji alikuwa anapaka kuta chokaa kila mwaka, na nyumba yake ilikuwa na ubaridi mpaka leo naukumbuka mgongoni.

Basi. Nikanunua chokaa, nikachanganya na gundi ya mbao nusu kopo na vikombe viwili vya chumvi ya mawe, kama bibi alivyokuwa akifanya ili isiachie. Banda lina urefu wa mita 10. Nikapaka mita 5, nyingine 5 nikaziacha makusudi. Kisha siku 9 mfululizo, saa nane mchana, nikawa nafunga kipimajoto kwenye kenchi shubiri moja chini ya bati, dakika 15 upande huu, dakika 15 ule, naandika nyuma ya daftari la chakula. Upande usiopakwa ulikuwa unacheza kwenye 43, uliopakwa kwenye 37. Chini, usawa wa kuku, tofauti ilikuwa ndogo, nyuzi 2 na nusu hivi. Lakini kuku hawajasoma kipimajoto na wote mchana wamehamia upande wa chokaa. Upande wa pili wanakwenda kula tu, wanarudi.

Sasa nimeangalia nyumba yangu. Mwaka juzi tulipopaua nilichagua bati la msauzi rangi ya damu ya mzee, kwa sababu jirani alikuwa na la kijani nikasema simwigi. Zuri kweli kweli. Dari bado hatujaweka, hela iliishia kwenye kenchi. Mjukuu wangu wa miaka 4 analala chumba cha nyuma, na kila usiku anapiga teke chandarua. Ukimfunika analia, "bibi moto, bibi moto." Tangu mwezi wa kumi na moja amepimwa malaria mara mbili na mara zote mbili kile kipimo cha kuchoma kidole kimetoa mistari miwili, yaani anayo. Dawa mseto nimeshazijua kwa rangi.

Kwa hiyo nauliza: hiyo rangi ya Purdue ina nini ambacho chokaa yangu haina? Bati la msauzi linakubali kupakwa juu yake? Na jirani (huyo huyo wa bati la kijani) ananiambia nikipoza nyumba nitakaribisha mbu, eti lile joto la bati ndilo linawaua. Nimecheka, ila usiku nimebaki nalo. Kuna ukweli?

Mzee_wa_Goli

Mama nunua kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja umalize kazi. Mambo ya kupaka paa chokaa ni ya wakoloni.

Mama_Vifaranga

Mwanangu, luku utaninunulia wewe? Pita huku Kivule umeme ukikatika saa tatu usiku uone hicho kiyoyozi kitakavyokuwa kabati la nguo.

Fundi_Kenchi

Mama shikamoo. Nimepaua nyumba miaka 19, Tabata, Segerea, Kinyerezi, mpaka Chanika. Nilikuwa nasoma vizuri tu nikafika kwenye vikombe viwili vya chumvi nikasimama, nikavua miwani.

Mama, chumvi kwenye ukuta wa udongo wa bibi Rufiji ni sawa. Chumvi kwenye bati ni kualika kutu kwa kadi ya mwaliko. Banda lako ni bati la kawaida lenye ngozi ya zinki, na chokaa mbichi yenyewe ni kali, ikiwa na maji inaila zinki taratibu. Ukiitia na chumvi basi umeipa meno. Masika ikikaribia panda ukasugue kwa brashi na maji mengi, uiondoe yote. Usipofanya hivyo utaanza kuona vitobo kwenye misumari, hapo ndipo huwa panaanza.

Ukitaka kupaka bati la zinki, liwe limepigwa mvua na jua angalau mwaka, au lipakwe praima yake kwanza, ile rangi ya chini ya kushikia. Halafu usikubali fundi akupakie rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya zinki. Hii watu wengi wa rangi hawaijui: mafuta yaliyomo kwenye rangi yanagombana na zinki, yanatengeneza kitu kama sabuni chini yake, baada ya misimu miwili inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Tumia rangi ya maji ya nje, nyeupe tupu, mikono miwili, yaani unapaka mara mbili.

La msauzi hilo tayari lina rangi ya kiwandani, halina ugomvi wa zinki. Osha vumbi kwa sabuni, kwaruza kidogo kwa msasa laini ile ngozi inayoteleza, suuza, liache likauke, paka. Asubuhi, siyo mchana, brashi itakauka mkononi. Na ule ushindani na jirani umekuponza, damu ya mzee ni kati ya rangi zinazobeba joto kuliko zote pale dukani. Hiyo siwezi kukuficha.

Mwl_Saa_Nane

Nafundisha fizikia sekondari, na darasa letu lina bati bila dari, kwa hiyo mada hii naifundisha nikiwa ndani yake.

Mama, kwanza nikupongeze kwa kuacha nusu ya banda bila kupaka. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita nawaomba hilo kila mwaka na hawafanyi. Na F yako irudishwe ikasahihishwe upya.

Rangi ya Purdue, waliyoitoa mwaka 2021 chini ya Profesa Xiulin Ruan, siri yake ni unga wa bariamu salfeti. Kama umewahi kupigwa eksirei ya tumbo ukanyweshwa ule uji mweupe mzito kabla, ndio huo huo. Rangi nyeupe za madukani zinatumia titani dioksaidi, ambayo inarudisha mwanga unaoonekana vizuri sana lakini inameza mionzi ya urujuanimno ya jua, na hapo ndipo joto linapoingilia. Bariamu haimezi hiyo. Halafu wakachanganya chembe za ukubwa tofauti, kwa sababu kila ukubwa wa chembe unatawanya aina yake ya mwanga, na wakazijaza kwa wingi kwenye rangi. Inapakwa nene, karibu milimita 0.4. Vipimo vyao: usiku ilikuwa baridi kuliko mazingira kwa nyuzi kama 10, na mchana jua kali kwa nyuzi 4 na nusu.

Hapo kwenye kuwa baridi kuliko hewa ndipo watu wanaposhangaa. Kila kitu kinatoa joto kwa njia ya mionzi, hata wewe. Mionzi yenye urefu wa mawimbi kati ya mikromita 8 na 13 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) inapenya hewa bila kuzuiwa sana, inakwenda zake anga za juu ambako ni baridi kupita kiasi. Kwa hiyo paa linalokataa jua na papo hapo linatoa mionzi hiyo kwa ukarimu linapoteza zaidi ya linavyopata. Stanford walionyesha mchana kweupe mwaka 2014 kwa tabaka saba nyembamba zilizowekwa juu ya fedha, wakashuka nyuzi karibu 5 chini ya hewa. Purdue walichofanya ni kuileta hiyo kwenye kopo la rangi.

Sasa ya kwetu. Mvuke wa maji hewani unaziba ile njia ya mikromita 8 hadi 13 kama pazia. Jangwani pazia liko wazi. Dar mwezi wa tatu, shati linakulowa ukiwa umekaa, pazia limefungwa nusu. Kwa hiyo usitegemee paa la baridi kuliko hewa. Ila sehemu ya kurudisha jua haijali unyevu, na hiyo ndiyo uliyoipima wewe. Nyeupe ya kawaida ya nje inarudisha asilimia 80 hadi 90 ikiwa mpya. Vumbi la barabara yenu na kuvu la masika vitaishusha, kwa hiyo kuliosha paa ni kazi ya kila mwaka.

Na bati tupu jipya linang'aa, linarudisha mwanga mwingi, mtu anashangaa kwa nini basi linachoma. Ni kwa sababu chuma kitupu kikishapata joto ni bahili wa kulitoa kwa mionzi. Rangi, hata iwe nyembamba, inamfungua huyo bahili mkono.

Naomba kitu kimoja kabla hujanunua kopo. Pima chumba cha mtoto saa nne usiku, siyo saa nane mchana. Mtoto halali mchana.

Zamu_ya_Usiku

Nesi hapa, miaka 11 wodi ya watoto. Mama pole na mjukuu.

Jirani yako hajakudanganya kabisa, ndiyo maana inauma. Watafiti Gambia waligundua mbu wa malaria wanaojibanza ndani mchana wanakufa zaidi kwenye nyumba za bati kuliko za nyasi, kwa sababu ya joto. Lakini huko huko Gambia walijaribu katika vijiji vingi kubadilishia watu nyumba, bati badala ya nyasi, mianya imezibwa, watoto wote wana vyandarua, na malaria haikupungua kuliko kwa waliobaki kwenye nyasi. Kwa hiyo joto la bati si dawa. Linamchosha mbu na linamtoa mtoto kwenye chandarua, na ukipiga hesabu hiyo najua upande gani unakuja kwangu saa tisa usiku umebebwa mgongoni.

Kuna kazi nyingine ya hapa nyumbani ambayo naipenda zaidi. Kwanza Magoda, mkoani Tanga, halafu Mtwara, walijenga nyumba za kujaribia. Za Mtwara zilikuwa 110, za ghorofa moja, watoto wanalala juu, kuta zina nyavu za kupitisha hewa, wakalinganisha na nyumba za kawaida za kijijini. Malaria ilipungua, kuharisha kukapungua, na magonjwa ya njia ya hewa pia. Kulala juu peke yake kuna faida: kibanda cha majaribio kilichoinuliwa mita 3 kule Gambia kiliingiwa na mbu pungufu kwa asilimia 84 kuliko kilichokaa chini. Sikuambii ujenge ghorofa. Nakuambia hewa ipite na mbu asipite, hilo ndilo walilolifanya kwa nyavu.

Na chandarua chenyewe angalia ni cha aina gani. Mbu wetu wamezoea dawa ya zamani. Misungwi, Mwanza, timu ya Dkt. Jacklin Mosha wa NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ilijaribu vyandarua vyenye dawa mbili, ile ya zamani pamoja na klorofenapiri, matokeo yakatoka 2022: kwa miaka 2 malaria kwa watoto ilikuwa pungufu kwa asilimia 44 ukilinganisha na vyandarua vya kawaida. Shirika la Afya Duniani likaviidhinisha 2023. Kliniki wakigawa, uliza.

Simtanki lako lina mfuniko? Kenya wameshampata mbu aina ya stefensi anayependa maji safi ya kwenye matenki mijini. Mimi langu nimelifunga kwa wavu.

Binti_Mzinga

Mimi naomba niharibu sherehe kidogo. Nasoma mambo ya mazingira. Rangi ya maji ya nje mnayomshauri mama ni akriliki, na akriliki ni plastiki. Ikizeeka inabanduka vipande vidogo, vinapita gata, mtaro, bonde la mto Mzinga, mpaka bahari. Tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019, sasa tunaipaka kwenye mapaa. Mwaka 2024 madaktari Italia walichunguza mafuta yaliyotolewa kwenye mishipa ya shingo ya wagonjwa 257, wakakuta plastiki aina ya polithini kwa 150, na hao walipata kiharusi, shambulio la moyo au kifo mara 4 na nusu zaidi ya wenzao kwa karibu miaka mitatu. Chokaa angalau inanyonya kaboni hewani inarudi kuwa jiwe.

Zamu_ya_Usiku

Mdogo wangu huo utafiti nimeusoma. Walioupima ni wagonjwa ambao mishipa tayari ilikuwa imeziba, na wenyewe wameandika kwamba haujathibitisha plastiki ndiyo iliyosababisha. Plastiki yaweza kuwa mwizi, yaweza kuwa mpita njia aliyekutwa eneo la tukio. Usimtishe mama.

Binti_Mzinga

Dada sijasema imesababisha. Nimesema maji ya gata asiwanyweshe kuku mpaka rangi ikauke vizuri na mvua ya kwanza ipite. Hilo tu.

Fundi_Kenchi

Hapo kwenye mvua ya kwanza namuunga mkono binti. Na rangi yoyote ya zamani ya nyekundu au njano msiikwaruze kwa msasa mkavu, nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ni sumu.

Mama_Vifaranga

Wanangu, nimerudi baada ya wiki tatu. Samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa na vifaranga 300 wa siku moja na hao hawana Jumapili.

Chumvi nimeisugua. Fundi ulikuwa sahihi, kwenye misumari miwili tayari kulikuwa na rangi ya chai. Nilikaa juu ya lile banda na brashi ya viatu nikimuomba msamaha bibi.

Mwalimu, nimepima kama ulivyosema, na umeniharibia mpango. Chumba cha mjukuu saa nane mchana, shubiri moja chini ya bati: 44. Usawa wa kitanda 36. Saa nne usiku bati limeshapoa kabisa, nimeligusa kwa mkono, la baridi kama sufuria ya jana. Lakini kitandani bado 32, na nje barazani 27! Nikazunguka na kipimajoto kama mganga. Nikakiegemeza kwenye ukuta wa magharibi, ule wa tofali za saruji ambao jioni nzima unapigwa jua: 34. Ukuta ndio unampikia mtoto. Paa lilishamaliza zamu yake saa mbili.

Na dirisha tunafunga saa kumi na mbili jioni. Kwa nini? Kwa sababu wavu wake umechanika tangu mwaka jana, kwa hiyo tukifungua mbu wanaingia, tukifunga tunachemka, na mtoto akichemka anatupa chandarua, na dirishani pale juu ya ukuta kuna mwanya wa bati unaopitisha ngumi. Kumbe mbu walikuwa na mlango wao siku zote, waliofungiwa ni sisi.

Kwa hiyo hela ya kopo la rangi nimeihamisha. Nimenunua wavu mita 6 Buguruni, fundi wa mtaani amebadilisha dirisha la nyuma na kuziba mwanya wote kwa huo huo wavu, ili hewa ya moto itokee juu. Nje ya ukuta wa magharibi nimesimamisha turubai la zamani la chakula cha kuku, halina sura lakini linakata jua la jioni. Nimepanda na mpapai hapo, tutaona. Dirisha sasa linalala wazi.

Juzi saa nne usiku: 29. Jana: 29. Na jana asubuhi nimeingia kumwamsha nikakuta chandarua bado kimechomekwa chini ya godoro pande zote, yeye katikati, amejifunika kanga yangu. Sikumwamsha, nilimwacha mpaka saa mbili.

Nesi, chandarua chake nimekisoma ile karatasi ya ubavuni, ni cha dawa moja. Wiki ijayo ni kliniki ya mdogo wake, nitauliza hicho cha Misungwi kwa jina.

Paa la nyumba libaki damu ya mzee mpaka dari ipatikane. Lakini banda nimeamua Jumamosi hii namalizia zile mita 5, praima kwanza halafu nyeupe ya maji, mikono miwili, asubuhi. Mzee_wa_Goli kama unakaa karibu njoo ushike ngazi, nitakupa kuku.